Dari ya Bisi: Ukarabati Salama wa Nyumba Kuukuu na Lugha ya Kuonya

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kukarabati dari kuukuu zenye vinundu bila kuhatarisha afya ya wanaoishi chini yake. Dari tunazozizungumzia ni zile zilizoenea Marekani na Kanada baina ya miaka ya 1950 na 1980, ambazo wenyeji walizipachika jina la bisi, kwa kuwa anayezitazama kutoka sakafuni hudhani mtu amerusha bisi juu zikagandia huko. Jina hilo lafaa, nasi tutalitumia: dari ya bisi.

Huenda msomaji akauliza ni vipi jarida la wanafunzi wa Kiswahili linahusika na dari za Marekani. Kwanza, wasemaji wa Kiswahili wanaishi katika nyumba hizo leo. Wapo Wakenya na Watanzania waliohamia Minneapolis, Dallas na Toronto, na zipo familia za wakimbizi wa Kongo ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza kusomea tangazo lolote. Wengi hupanga au kununua nyumba za zamani kwa sababu ndizo wanazozimudu, na asiyetaka kulipa fundi hushika vifaa mwenyewe. Pili, vijikaratasi vya maagizo ya afya na usalama vinapotafsiriwa kwa Kiswahili, wanaotafsiri ni watu kama sisi tunaosomea taaluma hii. Katika mada hii, kitenzi kimoja kilichoteuliwa vibaya chaweza kuingiza katika mapafu ya mtoto kitu kisichotoka. Kwa hiyo tutafunza mambo mawili kwa pamoja, yaani kazi yenyewe na maneno ya kuifunzia, kwani tutakavyoona, hayatenganiki.

Dari na vinundu vyake

Neno dari ni kongwe katika Kiswahili. Mwambaoni lina maana pana: ni upande wa juu wa chumba na pia ni ghorofa ya juu, ndiyo maana mtu akapanda darini. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zilijengwa dari zake kwa boriti za mikoko zilizopangwa sambamba, juu yake yakashindiliwa matumbawe na chokaa. Dari ya namna hiyo haifichi chochote. Boriti zaonekana, na mgeni aliyelala chali aweza kuzihesabu mpaka usingizi umchukue. Dari ya bisi ni kinyume chake kabisa, kwa sababu iliundwa ili ifiche.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Marekani ilijenga nyumba nyingi kwa kasi. Lipu iliyokandikwa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, ilizipisha bodi za jasi zinazopigiliwa misumari. Bodi hizo zina viungo, na kila kiungo sharti kizibwe kwa utepe wa karatasi na uji wa jasi, kikaushwe, kisuguliwe msasa, kisha kirudiwe hadi kisionekane tena. Hiyo ni kazi ya fundi stadi na ya siku kadhaa. Mafundi walipong'amua kwamba mchanganyiko mzito wenye chembe waweza kupulizwa kwa mashine na dari ya nyumba nzima ikamalizika kwa saa chache, hawakurudi nyuma. Kasoro zote za viungo zilimezwa na vivuli vya vinundu. Fauka ya hayo, vinundu vilipunguza mwangwi chumbani, na wanunuzi wakaridhika.

Uingereza nako kulikuwa na dari za sampuli hii, maarufu kwa jina la Artex, ila hizo hazikupulizwa. Zilipakwa na kuchorwa kwa brashi na kitana mpaka zikatoa mapambo ya mawimbi na ya upepeo. Vifaa ni tofauti, lakini tahadhari zake ni zilezile.

Kilichochanganywa ndani

Ili mchanganyiko ushike vizuri na usishike moto, katika dari nyingi za wakati huo kilitiwa kiasi cha asbesto. Asbesto ni jina la kundi la madini ambayo kwa maumbile yake hujigawa kuwa nyuzi nyembamba mno. Hayaungui, hayaozi, na hayadhuriwi kwa urahisi na kemikali; ndiyo sababu yalipendwa na viwanda. Hapa pana suala la istilahi. Watu wengi nchini husema asbestosi wakimaanisha madini. Mwandishi huyu anashikilia asbesto kwa madini na asbestosisi kwa ugonjwa wa mapafu yaliyojaa makovu kutokana na nyuzi hizo, kwa sababu tukitumia umbo linalokaribiana mno kwa yote mawili, msomaji wa tangazo hatajua kama anaambiwa kuhusu kilicho darini au kilicho kifuani.

Madhara yake hayakugunduliwa jana. Mwaka wa 1924 daktari W. E. Cooke aliandika katika British Medical Journal habari za Nellie Kershaw, mwanamke aliyefanya kazi katika kiwanda cha asbesto huko Rochdale, Uingereza, na kufariki mwaka huohuo akiwa na miaka 33. Mwaka wa 1960 J. C. Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, wengi wao wakihusishwa na machimbo ya asbesto ya Afrika Kusini. Jambo la kutia uchungu katika uchunguzi huo ni kuwa baadhi ya wagonjwa hawakuwahi kuchimba chochote. Waliishi tu karibu na machimbo, wengine wakiwa watoto. Mnamo 1964 Irving Selikoff wa New York naye alionyesha jinsi mafundi waliofunga mabomba na majengo kwa asbesto walivyokuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kupita kiasi cha kawaida.

Serikali ya Marekani ilichukua hatua polepole. Mwaka wa 1973 shirika la kulinda mazingira la nchi hiyo, EPA, lilipiga marufuku kupuliza asbesto kwenye majengo kwa ajili ya kuzuia moto na joto. Mwaka wa 1978 marufuku hiyo ikapanuliwa hadi kupuliza kwa ajili ya mapambo, na hapo ndipo dari za bisi ziliguswa hasa. Lakini sheria haikuamuru kwamba zilizokwisha kupulizwa ziondolewe, na shehena iliyobaki ghalani iliendelea kutumiwa. Kwa hivyo aliye katika nyumba ya mwaka wa 1982 asijipe moyo kwa kutazama tarehe pekee. Marufuku ya asbesto nyeupe, aina ya mwisho iliyokuwa bado ikiingizwa nchini humo, ilitolewa Machi 2024 tu.

Yafaa tuseme pia lile linaloondoa hofu isiyo na msingi. Dari ya asbesto iliyo nzima, isiyoguswa, haimdhuru anayelala chini yake. Hatari huanza nyuzi zinaporuka hewani na kuvutwa ndani, nayo huongezeka kadiri mtu anavyozivuta kwa wingi na kwa muda mrefu. Kwa mvutaji sigara hatari ya saratani ya mapafu huzidi maradufu. Aliyegonga dari mara moja kwa ncha ya ngazi hana haja ya kukosa usingizi. Hata hivyo, hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa hakina madhara hata kidogo, na maradhi haya hujitokeza baada ya miaka 20, 40 au zaidi. Kuchelewa huko ndiko kunakofanya somo hili liwe gumu kufunza. Moto humwonya mtoto papo hapo. Aliyekwangua dari akiwa na miaka 30 hatakohoa kesho wala mwakani, na jirani yake atakayemwona mzima ataamini kwamba tahadhari zote ni porojo za wauza barakoa.

Mwiko

Kiswahili kina neno moja, mwiko, lenye maana tatu: kijiko cha kusongea ugali, kifaa cha mwashi cha kupakia lipu, na jambo ambalo halifai kutendwa kabisa. Mwenye dari ya bisi aanze na maana ya tatu kabla ya kushika ile ya pili. Kabla ya dari kupimwa, ni mwiko kuikwangua, kuisugua msasa, kuitoboa ili kutundika taa au pazia, kuipangusa utando wa buibui kwa ufagio mgumu, na kuacha watoto wa kitanda cha ghorofa kuichokoachokoa kwa vidole.

Vijikaratasi vya Kiingereza hukusanya makatazo haya yote katika kitenzi kimoja, ambacho kikitafsiriwa neno kwa neno hutoa agizo kwamba asbesto isisumbuliwe. Msomaji atacheka, na aliyecheka hajaonywa. Kiswahili kina kitenzi bora zaidi: kutibua. Tunatibua maji ya kisima yaliyotulia, tope lililokuwa chini likapanda juu na kuenea. Hilo ndilo hasa linalotendeka. Asbesto imetulia darini, anayeikwangua huitibua, na kilichotulia huenea chumba kizima. Basi tuandike: usiitibue dari.

Neno la pili ni lile linaloeleza hali ya dari yenyewe. Wataalamu hutofautisha asbesto iliyofungwa ndani ya kitu kigumu, kama vile saruji, na ile ambayo ikiwa kavu hupondeka kwa nguvu za mkono. Nimewahi kuona ya pili ikiitwa asbesto dhaifu, tafsiri ambayo humfanya msomaji afikiri kwamba ni ya afadhali, kana kwamba makali yake yamepungua. La hasha, hiyo ndiyo hatari zaidi. Bibi zetu hufikicha majani makavu baina ya viganja, nasi twaweza kusema asbesto inayofikichika. Dari ya bisi hufikichika.

Kupima

Asbesto haitambuliki kwa macho, wala kwa harufu, wala kwa uzoefu wa fundi hata awe amepiga lipu miaka mingapi. Njia ya pekee ni kuchukua sampuli na kuipeleka katika maabara iliyoidhinishwa, ambako huchunguzwa kwa darubini maalumu. EPA hushauri kwamba sampuli ichukuliwe na mtaalamu aliyepata mafunzo, na mwenye uwezo wa kumlipa na amlipe. Kwa kuwa wengine watafanya wenyewe, heri wafanye ipasavyo.

Chumba kiwe kitupu kisiwe na mtu mwingine. Feni, kipasha joto na mashine ya kupoza hewa vizimwe ili hewa itulie, na nailoni itandazwe chini ya mahali panapohusika. Anayechukua sampuli avae barakoa ya mpira yenye vichujio vya P100. Hapa mtafsiri awe macho, kwani tangu 2020 neno barakoa limekuwa likimletea msomaji picha ya kitambaa au ile ya buluu ya hospitalini, na hizo hazizuii nyuzi za asbesto. Hata ile ya karatasi iitwayo N95 haitoshi. Barakoa ya vichujio nayo haifanyi kazi juu ya ndevu, kwani hewa hupenya pembeni. Anayetaka kufanya kazi hii anyoe au ampishe mwingine.

Kisha mahali hapo panyunyiziwe maji yaliyotiwa matone machache ya sabuni ya vyombo. Sabuni huyafanya maji yapenye badala ya kuteleza juu. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai chakwanguliwa, kuanzia juu ya vinundu hadi kwenye bodi, kwa kuwa asbesto yaweza kuwa katika tabaka lolote, na huingizwa katika mfuko mdogo unaofungwa kabisa. Kovu lililobaki lapakwa rangi au lazibwa. Sampuli moja haitoshi, kwani aliyepuliza dari hakukoroga pipa lake sawasawa. Kanuni ya shule za Marekani hudai sampuli 3 kwa eneo lisilozidi mita za mraba 93 hivi, 5 kwa eneo hadi mara tano ya hilo, na 7 likizidi hapo. Mwenye nyumba hafungwi na kanuni hiyo, lakini ni mwongozo mwema.

Majibu yakirudi, lugha inatega tena mtego. Maabara husema chanya au hasi. Kwa mtu wa kawaida, neno chanya limeshiba wema: mtazamo chanya, maendeleo chanya. Anayeambiwa kwamba dari yake ni chanya aweza kushangilia na kutwaa kikwangulio siku hiyohiyo. Mtafsiri asimwachie kitendawili. Aandike: asbesto imepatikana, au asbesto haikupatikana. Kisheria nchini Marekani, kitu huhesabiwa kuwa cha asbesto ikizidi asilimia 1, ila kiwango kidogo cha chini ya hapo si ruhusa ya kukikwangua kikavu.

Asbesto ikipatikana

Njia ya kwanza ni kuiacha. Wengi hawaamini kwamba hili ni jibu la kitaalamu. Hudhani ni uvivu. Lakini dari nzima, isiyovuja wala kubanduka, huachwa ilivyo, ikakaguliwa mara kwa mara, na wakazi wote wakaarifiwa isitibuliwe. Anayetamani sura mpya akumbuke walivyosema wahenga, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Njia ya pili ni kuifunika. Yaweza kupulizwa rangi nzito maalumu inayogandisha nyuzi mahali pake. Nasema kupulizwa kwa sababu brashi ya kuviringisha hunyonya vinundu na kuvibandua vikiwa vimelowa, na hapo aliyetaka kufunika huwa amefunua. Namna imara zaidi ni kuteremsha dari mpya ya bodi za jasi chini ya ile ya zamani, viungo vyote vikazibwa. Kazi hiyo pia hutoboa dari ya zamani kwa skurubu, kwa hiyo yataka maji, barakoa na mtu anayejua anachofanya. Pia yataka kumbukumbu ya maandishi kwa atakayenunua nyumba baadaye, maana dari iliyofunikwa na kusahauliwa humngoja fundi wa umeme wa miaka ijayo.

Njia ya tatu ni kuiondoa kwa mikono ya kampuni yenye leseni, ambayo hukizingira chumba kwa nailoni, hufyonza hewa kupitia vichujio na kupima hewa kabla ya kukirudisha chumba kwa mwenyewe. Ni ghali. Sheria ya kitaifa ya Marekani kuhusu uondoaji huu huacha nje majengo ya makazi yenye nyumba 4 au chache zaidi, na baadhi ya majimbo humruhusu mwenyeji kujiondolea. Majimbo hutofautiana, kwa hiyo ofisi ya jimbo iulizwe kwanza. Kuruhusiwa na sheria ni jambo moja, kukingwa kwa mapafu ni jingine, nami simshauri mtu yeyote mwenye watoto nyumbani ajaribu.

Mpangaji hana hata moja kati ya njia hizi mikononi mwake. Lake ni kumwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, abaki na nakala, na asiguse.

Kipande kikidondoka

Hebu tuchukue hali ambayo hutokea mara nyingi kuliko ukarabati wenyewe. Bomba la ghorofa ya juu limevuja usiku, na asubuhi pande la dari limeanguka juu ya zulia. Mama mwenye nyumba aliyelelewa kwetu atafanya nini? Atachukua ufagio. Katika malezi yetu, ufagio wa asubuhi ni adabu, na nyumba isiyofagiwa ni aibu mbele ya mgeni. Vitenzi vyetu vyote vya usafi, yaani kufagia, kung'uta, kupangusa na kukung'uta zulia nje, ni vitenzi vya kurusha vumbi hewani ili liende kwingine. Kwa vumbi la barabara hakuna neno. Kwa vumbi la asbesto, kila kimojawapo hutenda kazi ileile ya kikwangulio, na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi, kwa kuwa nyuzi hupenya mfuko wake na kutapikwa upande wa pili.

Kwa sababu hiyo, agizo la Kiswahili halitoshi likisema safisha kwa uangalifu. Mtu mwangalifu hufagia kwa uangalifu. Agizo litaje ufagio kwa jina na kuukataza. Watu watoke chumbani, mlango ufungwe na upenyo wa chini uzibwe kwa kitambaa chenye maji, na kipasha joto kizimwe kwa kuwa mifereji yake husambaza hewa nyumba nzima. Aitwe mtaalamu. Aliyekuwa chumbani avue nguo zake bila kuzikung'uta, azitie mfukoni zikiwa zimeloweshwa, kisha aoge. Nguo za kazi hazifuliwi pamoja na za watoto. Wapo wake za mafundi wa zamani waliougua kwa sababu tu ya kufua ovaroli za waume zao.

Asbesto isipopatikana

Hapa ndipo kazi yaweza kufanywa na mwenyewe, nayo si ngumu, ila huchafua kupita inavyofikiriwa. Samani zote zitolewe. Zisizotoka zikusanywe katikati na kufunikwa. Sakafu na kuta zifunikwe nailoni nzito, matundu ya hewa yazibwe, na umeme wa chumba uzimwe kwenye swichi kuu, kwani maji yatatiririka kuelekea kwenye taa. Barakoa na miwani ya kukinga macho vivaliwe hata sasa, kwa sababu vumbi la jasi na chokaa si chakula cha mapafu. Ikiwa nyumba ni ya kabla ya 1978 na dari ilipakwa rangi, rangi hiyo nayo ipimwe madini ya risasi, ambayo yalikatazwa katika rangi za nyumbani za Marekani mwaka huo.

Siri ya kazi yote ni maji, na hapa tena vitenzi viwili vitofautishwe. Kunyunyiza ni kutawanya matone. Kulowesha ni kuyafanya maji yaingie ndani. Tunanyunyiza ili kulowesha. Bomba la kunyunyizia dawa mimea, lililooshwa barabara, lafaa sana. Nyunyizia eneo la takriban mita moja ya mraba kwa matone membamba, ngoja dakika 10 hadi 15, kisha ujaribu pembeni. Vinundu vilivyolowa huteleza kama uji wa jana uliobanduka sufuriani. Vikitoa vumbi, havijalowa, rudia. Maji yakizidi nayo hulainisha karatasi ya bodi, na mwiko utaichana. Kiasi hupatikana kwa kujaribu, wala hakuna maandishi yanayoweza kuchukua nafasi ya mkono.

Kikwangulio, ambacho mafundi wetu hukiita skrepa, kiwe kipana cha sentimita 20 hivi, na pembe zake zisuguliwe kwa tupa hadi ziwe mviringo ili zisichimbe. Kishikwe kimelala, karibu sambamba na dari, kisukumwe mbele bila kukandamizwa. Dari iliyowahi kupakwa rangi hukataa maji. Hiyo huparuzwa kidogo juu kwanza ili rangi ipasuke na maji yapite, na ikiwa bado ni kaidi, ni nafuu kuifunika kwa bodi mpya kuliko kushindana nayo wiki nzima.

Ngazi iwe imara, isimame juu ya nailoni iliyokunjuliwa vizuri isiyo na tope la vinundu, maana tope hilo huteleza kama sabuni. Nadhani katika ukarabati wa dari watu wengi zaidi huumizwa na ngazi siku hiyohiyo kuliko na chochote kingine, ingawa hakuna anayeogopa ngazi.

Vinundu vikiisha, dari itaonyesha kile ilichofichiwa: viungo vibovu, misumari iliyochomoza, madoa ya maji. Yote huzibwa kwa uji wa jasi, tabaka jembamba baada ya jingine, na husawazishwa kwa sponji yenye unyevu badala ya msasa mkavu. Kisha andakoti, kisha rangi. Masalia hufungwa ndani ya nailoni ileile iliyotandazwa, ikakunjwa kutoka kingoni kuelekea katikati.

Kwetu nyumbani

Humu nchini dari za bisi si za kawaida. Asbesto yetu kwa kiasi kikubwa imo katika mabati ya saruji yaliyoezekea shule, zahanati na nyumba za watumishi wa umma za miongo iliyopita, na katika baadhi ya nyumba imo kwenye bodi bapa za dari. Asbesto hii imefungwa ndani ya saruji, kwa hiyo haifikichiki kwa urahisi kama ile ya dari ya bisi. Lakini saruji huchakaa kwa jua na mvua, nasi tuna tabia ya kuyavunjavunja mabati ya zamani kwa nyundo ili yapatikane nafasi kwenye mkokoteni, na vigae vyake kutumiwa kuzibia matope uani. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka wa 2006 ziliorodhesha asbesto miongoni mwa taka hatari, na anayesafirisha taka kama hizo huhitaji leseni ya NEMA.

Tulichofunza juu ya dari ya bisi chafaa hapa pasipo kubadilishwa sana. Bodi iloweshwe, ifunguliwe skurubu badala ya kung'olewa kwa mtaimbo, iteremshwe ikiwa nzima, izungushiwe nailoni mara mbili na ibandikwe maandishi. Maandishi hayo aghalabu huwa ya Kiingereza tupu, ilhali anayeipakia na kuipakua huenda asikisome. Kwa kutumia maneno tuliyoyajadili, na kwa kutanguliza katazo kabla ya maelezo, tunapendekeza yasomeke hivi:

HATARI. USIVUNJE. USIFUNGUE. USIFAGIE. NDANI MNA ASBESTO. UKIITIBUA, VUMBI LAKE HUUA BAADA YA MIAKA MINGI.